Sura ya Sita: Mapigo Arobaini na Mawili

Koplo Nikodemo alimimina vidonge kwenye trei ya bati, akavisukuma viwili viwili kwa ncha ya kalamu.

"Kumi na moja," alisema.

"Rudia," alisema Sajini Sauda Shamte.

"Afande, hii ni mara ya tatu."

"Basi ya nne haitakuchosha."

Akarudia. Vilikuwa kumi na moja. Sauda aliandika namba hiyo kwenye kijitabu chake, kisha akalisogeza daftari la dawa karibu na dirisha. Chumba cha dawa cha Makao ya Wazee Namtende kilikuwa na kabati moja la chuma, meza moja na kiti kimoja. Kupitia dirishani ilionekana mikorosho ya kijiji cha Kitomanga, na chini yake wanawake wawili walioinama wakiokota korosho.

Juzi Jumanne, mara tu baada ya uji wa asubuhi, Mzee Jerome alianguka barazani. Alikuwa na miaka sabini na minane. Kwa siku mbili kabla ya hapo alikuwa akitapika na kulalamika kwamba kila anachokitazama ni cha njano, hata shuka jeupe. Nesi alimpima mapigo ya moyo akakuta arobaini na mawili kwa dakika, akampigia simu dereva wa makao, na ndani ya saa moja na nusu mzee alikuwa hospitalini Lindi. Daktari alisema dawa yake ya moyo, digoksini, imezidi mwilini. Jana mchana nesi huyohuyo, Fortunata, ambaye ndiye nesi pekee wa makao, alikamatwa. Leo saa tisa alasiri Afande Ibrahimu, mkuu wa upelelezi, angelipeleka jalada kwa mwendesha mashtaka. Juu ya jalada palikuwa pameandikwa: kujaribu kuua.

Saa ya Sauda ilionyesha saa tatu na dakika ishirini.

"Pakiti ya Mzee Jerome ilifunguliwa tarehe mosi," alisema. "Vidonge thelathini. Anakunywa kimoja kila asubuhi. Sasa sikiliza. Fortunata ameandika kwamba alimpa hadi tarehe kumi na tisa. Tarehe ishirini mapigo yalikuwa hamsini na sita, ameandika, 'Chini ya sitini. Dawa imezuiwa.' Tarehe ishirini na moja, hamsini. Dawa imezuiwa. Tarehe ishirini na mbili, siku aliyoanguka, hakumpa kitu."

"Thelathini toa kumi na tisa, kumi na moja." Nikodemo aligonga trei kwa kalamu. "Hesabu imekaa."

"Imekaa, na ndiyo inayonisumbua. Mtu aliyezuiliwa dawa siku mbili, moyo wake ungeanza kurudi. Wa kwake ulizidi kushuka."

"Labda nesi alimpa kutoka kwenye pakiti ya mtu mwingine, halafu akaandika uongo."

"Ndiyo maana tutahesabu na za wengine."

Wazee ishirini na wawili waliishi Namtende, na waliokuwa wakitumia digoksini walikuwa watatu: Mzee Jerome, Bi Scholastica na Mzee Likwata. Vidonge vya Bi Scholastica vililingana na daftari. Kati ya vidonge thelathini vya Mzee Likwata vilibaki kumi na viwili na nusu. Hadi tarehe kumi na moja alikuwa akipewa nusu kidonge, na tangu hapo daktari alimwongezea kikawa kizima. Sauda alijumlisha na kutoa mara mbili pembeni mwa ukurasa. Kumi na mbili na nusu. Hiyo nusu yenyewe ilikuwepo, imefungwa kwenye kipande cha karatasi kilichoandikwa tarehe na sahihi.

"Afande," alisema Nikodemo, "muuaji hafungi nusu kidonge kwenye karatasi na kuweka sahihi."

"Muuaji makini anafunga."

"Unaamini hivyo?"

"Mimi naamini vilivyomo kwenye trei. Hakuna hata kidonge kimoja kilichotoka nje ya utaratibu. Na bado mtu mmoja amepata dawa nyingi kupita kiasi."

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Aliyeingia alikuwa Dominick, mtoto wa Mzee Jerome, fundi wa mtambo wa gesi kisiwani Songo Songo. Alikuwa amevuka kwa boti tangu juzi, na shati lilikuwa lilelile la juzi.

"Bado mnacheza na vidonge?" alisema. "Yule mwanamke alimtishia baba yangu mbele za watu. Alimwambia, 'Utakufa, Mzee.' Mnataka ushahidi gani tena?"

"Kaa, kaka Dominick," Sauda alisema na kumwachia kiti. "Ulisikia mwenyewe?"

"Nimeambiwa."

"Uliambiwa na maneno ya mwisho? Alimwambia, 'Utakufa, Mzee, ukiendelea na huo ugoro.' Watu wanne wamenieleza hivyo tangu jana. Alimnyang'anya kopo la ugoro akalifungia kabatini. Hili hapa."

Alilisukuma juu ya meza. Dominick alilitazama kopo bila kuligusa.

"Na mimi nina swali," aliendelea Sauda. "Wiki mbili zilizopita ulipokuja kumwona baba, ulimletea nini?"

"Samaki. Na fulana mbili."

"Na nini kingine?"

Nikodemo aliinama, akatoa ndani ya mfuko wa ushahidi chupa ya soda iliyojaa maji ya kahawia yenye vipande vya mizizi.

"Tumeikuta chini ya godoro lake," Nikodemo alisema.

"Ni dawa ya nguvu tu!" Sauti ya Dominick ilipasuka. "Babu mmoja kule kisiwani huwapa wote. Hata mimi nimekunywa. Sajini, mnadhani mimi... Mnadhani ni mimi?"

Sauda aliichukua chupa, akaielekeza kwenye mwanga. Ilikuwa imejaa hadi shingoni. Kizibo kilikuwa kimezungushiwa nta, na nta haikuwa na ufa wala alama ya ukucha.

"Hakuinywa," alisema. "Ungekuwa umetueleza jana, tungekuwa tumeokoa saa mbili. Lakini si wewe."

Dominick aliuficha uso kwa viganja vyote viwili. Alipoinua kichwa, alikuwa ametulia kidogo.

"Nisamehe kwa kuingia vile, dada. Ni baba yangu. Sina mwingine."

"Nenda kapumzike. Nikijua kitu, wewe utakuwa wa kwanza kukijua."

*

Jikoni palikuwa na moshi wa kuni na harufu ya karanga zilizokaangwa. Mama Salome, mpishi, alikuwa akisugua sufuria kubwa kwa majivu. Hakuacha kusugua walipoingia.

"Nilishasema yote jana," alisema. "Fortunata ni mtu mwema. Andikeni hivyo."

"Imeandikwa, mama," alisema Sauda. "Leo nataka unieleze asubuhi ya Namtende inavyokwenda. Kuanzia unapowasha moto."

"Moto saa kumi na moja. Uji unaiva saa moja. Wazee wanakaa barazani, mimi napakua. Saa moja na nusu wanakunywa."

"Na dawa?"

"Dawa baada ya uji. Nesi anapita na trei, anampima kila mwenye dawa ya moyo mkononi, dakika nzima anatazama saa, halafu anampa kidonge na maji. Anasimama mpaka kimezwe. Anawaambia wafungue mdomo kama watoto." Mama Salome alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Mzee Jerome alikuwa anamtolea na ulimi."

"Wote watatu wanafanya hivyo?"

Mkono wa Mama Salome ukapunguza mwendo juu ya sufuria.

"Mzee Likwata hamezi vidonge. Tangu apate kiharusi kile kidogo mwezi uliopita, kidonge kinamkaba. Basi nesi anampima mapema, anakisaga kidonge, ananiletea unga wake kwenye karatasi, mimi nautia kwenye uji wake. Tangu tarehe mosi."

"Nani aliamua hivyo?"

"Tulikubaliana. Yeye yuko peke yake, Afande! Wazee ishirini na wawili. Saa hiyo yuko upande wa wanawake anabadilisha mashuka. Na mimi si mtu wa mchezo. Nautia, nakoroga, naongeza sukari na karanga kwa sababu ile dawa ni chungu. Nampakulia kwenye bakuli lake la bluu ili lisichanganyike. Bakuli linarudi tupu kila siku. Kila siku!"

"Unampelekea mwenyewe?"

"Naliweka mbele yake mwenyewe."

"Unabaki naye mpaka amalize?"

"Nina mabakuli ishirini na moja mengine ya kupeleka."

Sauda aliandika. "Kuna mzee yeyote anayekula chakula cha mwenzake? Kumwibia, kumlaghai, kubadilishana?"

"Hapa?" Mama Salome alishtuka kama aliyetukanwa. "Hakuna. Chakula kinatosha. Wazee hawa wana heshima zao, hakuna mwizi Namtende."

"Una hakika?"

"Naapa."

Nje ya jiko Sauda alisimama kwenye kivuli cha ukuta na kumpigia Daktari Ignasi, aliyekuwa akimtibu Mzee Jerome Lindi. Daktari alikuwa na haraka lakini alijibu kila swali.

"Figo zake zikoje, daktari? Haziwezi kuwa ndizo zilizoshindwa kuitoa dawa?"

"Tumezipima. Ziko sawa kwa umri wake. Sajini, dawa hii haina uvumilivu. Kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vimekaribiana sana. Mzee huyu amekuwa akipata zaidi ya kipimo chake kwa siku nyingi, si mara moja. Na sitashangaa kama alipata hata asubuhi ile aliyoanguka."

"Hali yake?"

"Mapigo hamsini na mbili asubuhi hii. Ametoka kwenye hatari kubwa, ila bado anaongea maneno yasiyoeleweka. Huwezi kumhoji leo."

"Swali la mwisho. Mtu mwenye moyo kama wake asipopata dawa kabisa, anakuwaje?"

"Kinyume chake. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, miguu inavimba."

Sauda aliishusha simu. Kwenye baraza, hatua ishirini kutoka pale aliposimama, Mzee Likwata alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba. Miguu yake ilikuwa juu ya kigoda, na ngozi ya vifundo ilikuwa imetuna na kung'aa.

Alirudi chumba cha dawa karibu kwa kukimbia. Alifungua daftari kurasa za Mzee Likwata, akaziweka kando ya zile za Mzee Jerome. Tarehe mosi, Likwata sabini na minane, Jerome sabini na mbili. Tarehe kumi na moja, Likwata tisini na minane, Jerome sitini na minane. Hapo mwandiko wa Fortunata ulikuwa umejibana pembeni: "Mzee Likwata miguu imevimba. Nimemweleza daktari anayekuja Ijumaa. Ameongeza dozi, kutoka nusu kwenda kizima." Kuanzia siku ya pili yake Likwata hakupata nafuu. Mia na mbili, mia na tano, mia na kumi. Na kuanzia siku hiyohiyo Jerome alianza kuporomoka: sitini na sita, sitini na tatu, sitini na moja, hamsini na sita.

"Mmoja anapanda, mwingine anashuka," alimwambia Nikodemo. "Siku zilezile. Dozi ya Likwata ilipoongezwa, aliyeumwa ni Jerome."

Nikodemo alikuna kidevu. "Unataka kusema dawa ya Likwata inaingia mwilini mwa Jerome."

"Vidonge havikuongezeka. Vilihama njiani, kati ya jiko na mdomo."

"Lakini mpishi ameapa."

"Ameapa, na sidhani kama anadanganya. Ndilo linalonishinda. Twende tukazungumze na Mzee Likwata."

*

"Shikamoo, Mzee," walisema pamoja.

"Marahaba." Mzee Likwata aliongea kwa kukata maneno, akivuta pumzi katikati. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa mzito bado. Macho yake makali yalimpima Nikodemo kutoka kwenye buti hadi kwenye kofia. "Wewe binti ni mtu wa pwani, nakuona. Huyu je? Wa wapi huyu?"

"Newala, Mzee," Nikodemo alijibu.

"Mmakonde!" Mzee Likwata alipiga mkono wa kiti. "Serikali imeishiwa watu hadi imempa Mmakonde pingu?"

"Imenipa kwa ajili ya Wamwera, Mzee. Niliambiwa kwenu hazitatosha, nije na gunia zima."

"Lete! Utatufunga wewe? Baba yako alipomwona Mmwera alipanda mti."

"Alipanda kuchuma korosho zenu, maana ninyi mlikuwa mmelala."

Mzee Likwata alicheka hadi akakohoa. Bi mmoja aliyekuwa akisuka ukili upande wa pili wa baraza alicheka naye. Sauda alisubiri kikohozi kipungue. Kwa kuwa yeye alizaliwa Kilwa Kivinje, aliujua utani wa Wamwera na Wamakonde kama watu wote wa mkoa wanavyoujua, kwa kuusikia tu.

"Mzee," alianza, "Mzee Jerome alipokuwa hapa, mlikuwa mnakaa pamoja?"

"Pale alipo huyo askari, ndipo pake. Miaka miwili tunatukanana." Alitazama sakafu. "Yule Mmakonde anaendeleaje? Mwambieni asife sasa hivi. Akifa mtani wake ni mimi, natakiwa niingie kaburini nilale humo niwagomee mpaka ndugu wanilipe kitu ndipo nitoke. Na miguu hii! Nitatokaje?"

Mama Salome alitokea na sahani mbili za mihogo ya kuchemsha na nazi, na birika la chai. Sahani moja aliiweka mbele ya wageni. Nyingine, yenye mihogo iliyopondwa laini na nazi nyingi zaidi, aliiweka kwenye stuli ya Mzee Likwata.

Nikodemo aliitazama ya kwake, akaitazama ya mzee. Kisha, kama mtu anayechukua kofia yake mwenyewe, alinyoosha mkono, akaivuta sahani ya mzee upande wake, akamsukumia mzee ile nyingine, akaanza kula.

"Mwizi!" Mzee Likwata alifoka, uso wote ukiwa umechangamka. "Mmeona? Mnyang'anyi mwenye sare!"

"Nazi nyingi hivi kwa Mmwera ni hasara," Nikodemo alisema mdomo ukiwa umejaa.

Bi wa ukili aliendelea kusuka. Mama Salome alimimina chai, wala hakugeuza shingo.

Sauda aliweka kikombe chake chini.

"Mama Salome. Umeona alichofanya Koplo?"

"Amefanya nini?"

"Amechukua chakula cha Mzee Likwata."

"Aa, huo si ni utani, Afande? Ni watani hao."

"Nilikuuliza kama kuna anayekula chakula cha mwenzake hapa. Ukaapa kwamba hakuna."

"Na hakuna. Mtani hahesabiwi. Mtani..." Akalishika birika kwa mikono miwili, kisha akaliweka sakafuni polepole. "Ee Mungu wangu. Bakuli la bluu."

Nikodemo aliacha kutafuna.

"Mzee Likwata," Sauda alisema taratibu, akisogeza kiti karibu, "uji wako wa asubuhi, ule wa karanga, unaunywa wewe?"

"Naunywa wapi?" Mzee alijibu kama jambo linalojulikana na kila mtu. "Anao Jerome. Tangu mama huyu aanze kunitilia sukari na karanga, Jerome alisema napendelewa. Anavuta langu, ananisukumia lake. Mimi namtukana, yeye anakunywa. Akimaliza analirudisha bakuli mbele yangu ili nionekane mlafi. Kila siku hivyo."

"Na Jumanne?"

"Na Jumanne. Ndiyo akainuka akaanguka."

"Kwa nini hukumwambia polisi aliyekuja jana?"

"Aliniuliza kama kuna mtu aliyempa Jerome kitu kibaya. Nikasema hapana. Sasa uji nao ni kitu kibaya?" Alimtazama Sauda, kisha Mama Salome aliyekuwa amejifunika mdomo kwa upande wa khanga. "Kwani mlikuwa mnatia nini?"

Tangu mwezi uanze hadi leo, tarehe ishirini na nne, hakuna aliyemwambia kwamba dawa yake ilikuwa ndani ya uji. Walimwambia tu anywe uji. Sauda alimweleza kwa maneno machache, bila kuficha na bila kuongeza. Mzee Likwata alisikiliza hadi mwisho. Mkono wake mzima ulishika goti.

"Basi mimi ndiye niliyemlisha," alisema.

"Hapana, Mzee. Hukujua. Na yuko hai. Leo mapigo yake yamepanda."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Daktari amesema ametoka kwenye hatari kubwa."

Mzee Likwata aligeuza uso upande wa mikorosho. Nikodemo aliirudisha sahani mbele yake, kwa heshima, kwa mikono yote miwili. Mzee aliitazama.

"Umeshaipaka mate," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Malizia tu."

*

Sauda aliandika maelezo ya Mzee Likwata na ya Mama Salome hapohapo barazani. Bi wa ukili naye, bila kuulizwa mara mbili, alisema aliona mabakuli yakibadilishwa kila asubuhi. Dominick alisoma maelezo yote akiwa amesimama, kisha akayarudia kutoka mwanzo.

"Baba huiba chakula cha Wamwera wote anaokutana nao," alisema hatimaye. "Mama alikuwa anaona aibu." Alirudisha karatasi. "Nipeni kalamu. Nifute malalamiko yangu."

Waliondoka Kitomanga saa saba kamili. Saa nane na robo walikuwa ofisini kwa Afande Ibrahimu, Lindi. Alisoma jalada lote, akiwa na miwani kwenye ncha ya pua. Kwenye kurasa mbili za mapigo ya moyo alirudi mara tatu.

"Kwa hiyo hakuna mhalifu," alisema.

"Hakuna, Afande. Kuna bakuli lililopita mikono mitatu bila mtu wa kulisindikiza."

"Mwanamke huyu anaweza kuwa alijua kuhusu utani huo, akautumia. Dozi ya Likwata ikaongezwa, naye akanyamaza."

"Mwite, Afande. Nimweleze mbele yako. Mtazame atasema nini kwanza."

Fortunata aliletwa. Alikuwa mwembamba, wa miaka ishirini na sita au saba, bado na sare yake ya unesi iliyokunjamana kwa usiku mmoja wa mahabusu. Alisimama karibu na mlango, na Sauda alimweleza habari ya bakuli la bluu tangu mwanzo.

Hakusema, "Niliwaambia sikufanya." Hakulia. Macho yake yalikwenda huku na huko kama mtu anayesoma kitu hewani, kisha akapiga hatua mbele.

"Leo Mzee Likwata amepewa kizima?" aliuliza. "Tafadhali, leo amepewa kizima?"

"Kwa nini?" Afande Ibrahimu aliuliza.

"Kwa sababu iliongezwa kwa makosa! Daktari aliongeza akidhani nusu haimsaidii, kumbe hakuwa akiipata kabisa. Jana Jerome hayupo, kwa hiyo jana amekunywa kizima chote mwenyewe. Akinywa kizima kila siku, wiki ijayo yeye ndiye atakayeanguka. Inatakiwa irudi nusu, na daktari ajulishwe sasa hivi. Jamani, amepewa?"

"Hajapewa," Sauda alisema. "Kabati tulilifunga jana."

Fortunata alishusha pumzi.

Afande Ibrahimu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha alichukua simu ya mezani na kuomba aunganishwe na Daktari Ignasi. Alieleza kwa kifupi, akasikiliza, akaandika. Alipomaliza alimsukumia Fortunata karatasi: nusu kidonge, dawa ipewe leo ikiwa mapigo ni zaidi ya sitini, na Daktari Ignasi mwenyewe angefika Namtende kesho asubuhi.

"Uko huru," alisema. "Mashtaka hayapo."

"Ahsante, mkuu. Lakini naomba yale maelezo yangu ya jana."

"Ya nini tena?"

"Nina kitu cha kuongeza."

Sauda alimpa. Fortunata aliinama mezani akaandika mistari mitano kwa mwandiko uleule wa kwenye daftari. Sauda alisoma kupitia bega lake. Alikuwa ameandika kwamba chuoni alifundishwa kutoondoka mbele ya mgonjwa hadi dawa imemezwa, na kwamba kwa siku ishirini na tatu aliiacha dawa ya Mzee Likwata mikononi mwa mpishi. Aliandika pia kwamba mgonjwa hakuambiwa kilichomo kwenye uji wake.

"Ukiyaacha haya humu, wakubwa wako watayaona," Afande Ibrahimu alisema. "Wanaweza kukupa onyo. Hata kukusimamisha kazi kwa muda."

"Najua, mkuu."

"Hakuna aliyekuuliza."

"Ndiyo. Lakini wakisoma kwamba ni utani tu, watawakataza wazee kutaniana na kazi itaendelea vilevile. Wakisoma hili, huenda wataleta nesi wa pili."

Aliweka sahihi na tarehe. Afande Ibrahimu naye, baada ya kufikiri kidogo, aliandika chini yake kwa mkono wake: "Nesi mmoja, wazee ishirini na wawili. Napendekeza wahusika walitazame hili haraka." Akagonga mhuri kwa nguvu iliyofanya kalamu ziruke.

Gari la polisi lilikuwa uani, pikapu yenye mabenchi ya mahabusu nyuma, na kiti kimoja tu kando ya dereva. Nikodemo alikuwa ameshawasha injini. Fortunata, akiwa ameikumbatia karatasi ya daktari kifuani, alizunguka moja kwa moja hadi nyuma na kushika bomba ili apande, kama alivyopandishwa jana.

"Huko siko," Sauda alisema.

Alifungua mlango wa mbele, akasubiri hadi nesi alipoketi, akaufunga taratibu. Kisha yeye mwenyewe alikaza ushungi, akapanda nyuma kwenye benchi la mahabusu na kugonga bodi mara mbili.

"Twende, Koplo," alisema. "Mgonjwa anasubiri dawa."